Kukusanya wadudu msituni: anza na daftari, neti itafuata

Mtu akiniambia anataka kujifunza wadudu, swali lake la kwanza huwa neti inauzwa wapi na bei gani. Nikimuuliza je daftari unalo, ananiangalia kama nimemtania. Ila ukweli ndio huo, mdudu uliyemkamata bila kuandika umemtoa wapi na lini ni takataka yenye miguu sita, hata awe anang'aa vipi, na hili nimelijua kwa maumivu maana boksi langu la kwanza lenye wadudu mia na kitu nililimwaga lote jalalani, sikuwa nimeandika chochote, nilijiambia ntakumbuka. Hukumbuki bwana. Wiki tatu zikipita kila mbawakawa mweusi anafanana na mbawakawa mweusi mwenzie.

Ntaelezea kwa mfano wa Amani kwa sababu ndiko ninakokujua, ule msitu wa Usambara Mashariki juu ya Muheza, lakini ukiwa Udzungwa au Kakamega au Arabuko-Sokoke mambo ni yaleyale. Amani ina raha yake, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale 1902 na bustani yao ya miti ipo mpaka leo, 1997 pakawa hifadhi ya mazingira asilia, na kwa siku moja unaweza kuanzia Sigi kule chini kwenye joto ukapanda mpaka juu kwenye ukungu na mashamba ya chai, na wadudu wanabadilika njiani kadri unavyopanda. Milima hii ni ya Tao la Mashariki, misitu yake imekaa imejitenga kama visiwa kwa mda mrefu mno, kwahiyo kuna viumbe wanaishi kwenye milima miwili mitatu tu na kwingine kote duniani hawapo. Hiyo ndio sababu huwezi kuingia na kufagia tu kama unavuna mahindi.

Sasa kibali. Najua hapa ndipo watu wanaruka paragrafu, usiruke. Kwenye hifadhi hutoi hata sisimizi bila ruhusa. Hifadhi za mazingira asilia Tanzania ziko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwahiyo unaanza na mhifadhi wa pale pale, unajieleza unataka nini na kwa ajili gani, na kama ni utafiti rasmi wa chuo au wa mtu wa nje kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ukitaka kupeleka sampuli nje ya nchi hiyo ni ruhusa nyingine kabisa. Kenya utasikia NACOSTI, tume yao ya sayansi, na KWS, shirika lao la wanyamapori. Ukiona mlolongo ni mrefu basi anzia nyumbani, kwenye shamba lako, kwenye mipera na michungwa nyuma ya nyumba, na kwenye taa ya chooni. Sitanii, taa ya choo cha nje kijijini msimu wa vuli ni shule tosha, nenda saa tatu usiku uangalie ukutani.

Vifaa havina gharama kama watu wanavyodhani. Neti unatengeneza, waya mnene unaukunja duara la upana kama sinia la pilau, unaufunga kwenye mpini wa ufagio, unashona mfuko wa kitambaa cha neti laini. Mfuko uwe na urefu angalau mara mbili ya upana wa mdomo, hii ni muhimu, maana ukishamkamata kipepeo unaugeuza mpini kidogo mfuko unalala juu ya waya na mdomo unajifunga, mfuko mfupi kila kitu kinatoka. Na tafadhali usikate chandarua chenye dawa, kwanza kile ni cha kumkinga mtu na malaria, pili kina sumu ya wadudu, unataka mdudu afe kwa mda wako wewe sio afe akiwa bado anakunjana kwenye mfuko. Nenda kwa fundi cherehani mwambie unataka kitambaa cha shela, kinafaa sana.

Halafu makopo madogo yenye vifuniko, ya vidonge yanafaa, kibano cha nyusi, penseli mbili, lenzi ya kukuzia hata ile ndogo ya mafundi saa, tochi ya kichwani, gambuti, na spiriti. Kwenye spiriti angalia vizuri, ile ya rangi ya dukani inapaka mdudu rangi, nunua famasi ile nyeupe ya asilimia 70. Ukiwa na mpango wa kupima vinasaba hapo tafuta ya asilimia 96, ila kama ndio unaanza achana na vinasaba. Na daftari, nimesema tayari. Penseli sio kalamu, kwa sababu wino wa kalamu ukigusa spiriti unayeyuka na utabaki na kopo la maji ya bluu na mdudu asiye na kwao.

Ukifika msituni, kosa la kila mgeni ni kutembea. Anatembea kilomita sita anarudi na vipepeo watatu analalamika msitu hauna kitu. We chukua mita kumi. Kaa chini kwenye gogo (angalia kwanza unakalia nini) tulia dakika kumi na tano, geuza majani uangalie chini yake, banua gome la mti uliooza, inua gogo na ulirudishe kama lilivyokuwa maana chini yake ni nyumba ya mtu. Chini ya jani moja la mdizi pori nimewahi kuona mayai, viwavi wadogo wanaokula bega kwa bega, nyigu mdogo anayewazunguka, na mchwa wanapita kwenye kijitaro chao cha udongo pembeni. Jani moja! Ukitembea hayo yote unayapita.

Mwavuli ni kifaa kizuri kuliko vyote na hakuna anayeuamini mpaka aone. Unaugeuza juu chini chini ya tawi, unaligonga tawi kwa fimbo mara mbili tatu kwa nguvu, vinadondoka vitu ambavyo kwa macho usingeviona, vunjajungu wadogo, fukusi, viwavi wanaojifanya kijiti, buibui kibao. Mwavuli mweupe ni bora, mweusi utatafuta mpaka uchoke. Kisha unawahi, maana wenye mbawa hawakusubiri.

Mitego ya kuchimbia chini ni rahisi. Vikombe vya plastiki unavifukia mpaka mdomo ulingane kabisa na ardhi, ukiacha hata ukingo mdogo umejitokeza mdudu anauzunguka anaenda zake, unaweka maji kidogo na tone la sabuni ili asielee, juu unaegesha jani au kigae kwa ajili ya mvua. Unavikagua kila asubuhi. Usiviache wiki nzima, vitanuka na utaua bure vyura na panya wadogo walioingia. Ukimaliza unavitoa vyote na kufukia mashimo, hesabu umeweka vingapi, mi niliwahi kusahau vikombe viwili na nilirudi kilomita zote zile kuvitoa kwa sababu kikombe kilichoachwa kinaendelea kuua miezi.

Kwa vipepeo wa juu mitini wale wanaoruka kama risasi, huwezi kuwakimbiza, wanakuacha. Hao unawaalika. Ndizi mbivu zilizopondeka, zioze siku mbili tatu kwenye ndoo yenye kifuniko, ongeza mnazi uliochacha, harufu yake jirani atakuja kuuliza. Unaweka kwenye kisahani chini ya mtego wa neti wa mviringo unaoning'inia tawini, juu umefungwa, chini umeachwa upenyo wa vidole viwili hivi. Kipepeo anaingia kwa chini akala, akishiba anaruka juu, haendi chini, anabaki humo. Wale wa jamii ya Charaxes, wanene wenye mikia miwili, wanalewa kabisa, nimewahi kumshika mmoja kwa vidole akiwa bado ananyonya ndizi hana habari.

Ila utamu wenyewe ni shuka usiku.

Unatafuta shuka jeupe, unalifunga kati ya miti miwili kama kioo cha sinema, chini unaliacha lilale ardhini kama mita moja kwenda mbele. Taa mbele yake. Zamani watu walitumia balbu za zebaki na jenereta, siku hizi kuna taa za LED zenye mwanga wa zambarau unazitumia na pawabenki usiku mzima, na ukikosa hata balbu nyeupe kali inafanya kazi sio vibaya. Chagua usiku wa giza, mwezi ukiwa mchanga au haupo kabisa, mwezi mpevu ukiwa angani utakaa unaangalia shuka tupu. Usiku mzuri ni wa joto, mawingu, hakuna upepo, mvua imenyesha mchana ikakata. Hapo kuanzia saa moja na nusu wanaanza, kwanza vijidudu vidogo vya mbawa, kumbikumbi kama ni msimu, halafu nondo, saa nne saa tano ndio wanakuja nondo wakubwa wenye macho ya kuchora mbawani, wanajigonga kwenye shuka puu puu kama mtu anatupa kandambili. Na baada ya saa sita kuna wengine tena tofauti, kwahiyo ukilala mapema umekosa nusu ya orodha.

Mambo mawili kuhusu shuka. La kwanza, kuna kadudu kembamba ka kama sentimita moja, kana pingili nyekundu na nyeusi zimepangana, kanakimbia kama sisimizi, wengi wanakaita Nairobi fly. Kakitua shingoni usikapige! Kapulize. Ukikaponda maji yake yanababua ngozi, kesho yake unaamka na mstari mwekundu wenye malengelenge kama umemwagiwa mafuta ya moto, na ukijipangusa jicho na mkono huohuo ndio balaa. Ukishakaponda kwa bahati mbaya nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi.

La pili ni siafu. Kabla hujafunga shuka tembea na tochi mzunguko wote. Mwaka mmoja nilikaa kwa raha na chai yangu kwenye chupa, shuka limejaa, naandika, nikahisi kitu kimoja kimeng'ata nyuma ya goti, nikapuuza, sekunde chache wakang'ata wote kwa pamoja, ndivyo walivyo, wanapanda kimyakimya kisha utadhani kuna mtu amepiga filimbi. Nilivua suruali mbele ya mlinzi wa hifadhi na mwanafunzi mmoja wa chuo, heshima ikaishia pale. Nilipogeuka, siafu walikuwa wameshapanda shuka na wanashusha nondo mmoja mmoja. Kisayansi ilikuwa kitu cha ajabu kuangalia, ila niliangalia nikiwa mbali na bila suruali.

Kuua sasa. Kuna watu hawapendi sehemu hii na nawaelewa, basi wapige picha, simu za sasa na lenzi ndogo ya kubana inatoa picha safi na kwa vipepeo na kerengende wengi picha inatosha kabisa kumtambua. Lakini kuna wadudu wengi sana ambao bila kumgeuza chini ya darubini na kuhesabu vinyweleo huwezi kujua ni nani. Kwa hao chukua wawili watatu, usichukue hamsini. Njia safi kuliko zote ni friza, usiku mzima, kwenye kopo lililofungwa na lililoandikwa, nasisitiza lililoandikwa, maana mke wangu alifungua kopo la Blue Band akitafuta siagi akakutana na vunjajungu amekunja mikono kama anasali, tangu siku hiyo nina friza yangu. Porini unatumia chupa ya kioo yenye jipsamu ile ya dari chini yake iliyokauka, unadondoshea asetati ya ethili au dawa ya kufutia rangi ya kucha, unaweka tishu juu asilowe. Kipepeo usimtie humo na wengine watamrarua mbawa, unamshika mbawa zikiwa zimefungwa juu, unambana kifua kidogo kwa vidole, anatulia, unamtia kwenye bahasha ya pembetatu ya karatasi, unaandika juu ya bahasha kabla hujamtia. Kabla. Ukimtia kwanza ukaandika baadae penseli itamponda.

Wenye mwili laini, viwavi, mchwa, mabuu, hao wanaenda kwenye spiriti moja kwa moja na lebo ya karatasi inaingia NDANI ya kopo pamoja nao. Lebo ya kubandika nje inabanduka, niamini.

Kuchoma pini ndio watu wanaona kazi ya kitaalamu lakini mkono unazoea kwa siku mbili. Pini za wadudu ni ndefu kama sentimita nne, nyembamba, hazishiki kutu, zinaagizwa, na ukikosa kabisa pini za fundi nguo zitakufaa kujifunzia ila kwenye unyevu wa huku zinaota kutu na kumkata mdudu katikati. Mbawakawa anachomwa kwenye gamba la bawa la kulia, upande wa mbele, sio katikati. Kwa nini kulia? Kwa sababu katikati kuna alama za kumtambulia, ukiharibu upande mmoja wa pili unabaki mzima, na dunia nzima wamekubaliana kulia. Nyuki, nzi na nyigu nao kifuani kuliani kidogo. Kipepeo na nondo ndio katikati ya kifua. Unaacha nafasi kama sentimita moja juu ya mdudu ya kushikia, kisha miguu unaipanga na kibano kabla haijakauka, usiitandaze kama nyota ya baharini, ikunje karibu na mwili maana iliyotandazwa ndio inayovunjika kwanza. Wale wadogo kuliko punje ya mchele usiwachome, watapasuka, unakata kipembetatu cha karatasi ngumu, pini inapita kwenye karatasi na mdudu unamgandisha kwenye ncha kwa gundi kidogo, upande wake wa kulia.

Akishakauka kabla hujamchoma usilazimishe. Tia kwenye kontena la chakula lenye tishu mbichi chini na tone la Dettol ukungu usiote, funga, siku moja au mbili analainika kama wa jana.

Vipepeo unawatandaza kwenye ubao wenye mfereji katikati, lile boksi jeupe jepesi linalokuja na TV ukilikata vizuri linafaa. Ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ukate mwili kwa pembe mraba, yaani mbawa ni mstari wa juu wa herufi T na mwili ni mguu wake, unashikilia kwa vipande vya karatasi vilivyobanwa na pini pembeni, pini isitoboe bawa. Wiki moja mpaka mbili, Amani kwenye ukungu hata tatu.

Sasa lebo, roho ya kazi yote. Kikaratasi kidogo kama kucha ya dole gumba, kinakaa kwenye pini hiyohiyo chini ya mdudu, hakitoki milele. Mfano huu hapa:

TANZANIA: Tanga, Muheza, Amani
njia ya Mbomole, 05°06'S 38°38'E, m 920
20.iv.2023, 21:30, shuka na taa
kisha jina la aliyekamata

Mwezi umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi kwa makusudi, maana sisi 5.4 ni tarehe tano mwezi wa nne, Mmarekani anasoma Mei tarehe nne, ukiandika 5.iv hakuna ubishi. Na saa, jamani saa! Sisi tunasema saa tatu na nusu usiku, ukiandika hivo mtu wa Nairobi na mwenzako wa Tanga wataelewa lakini mtafiti wa Ujerumani ataandika 3:30 alfajiri na nondo wako atakuwa amehamishwa zamu. Kwenye daftari andika unavyotaka, kwenye lebo weka saa 24. Usiandike "kwa babu" au "karibu na daraja", daraja litahamishwa, babu naye ndio hivo. GPS ya simu yako inatosha kutoa nyuzi na mwinuko.

Kwenye daftari ndio unaandika yale yasiyoenea kwenye lebo, alikuwa kwenye mti gani, anakula nini, hali ya hewa, rangi yake akiwa hai (kerengende wakifa rangi inaondoka kama nguo ya mtumba, ukiwaloweka kwenye asetoni usiku mmoja inabaki kiasi), na jina la kienyeji. Waulize wazee. Mzee wa Kisambaa aliyekata kuni humo miaka hamsini anajua kiwavi yupi anawasha na yupi analiwa, na anajua wanatoka lini, vitu ambavyo wewe ungehitaji misimu mitano kuvigundua.

Kutunza. Adui wa mkusanyiko wa wadudu ni wadudu. Boksi langu la pili, hili sasa lilikuwa na lebo zote safi, nililiacha wazi mezani usiku mmoja likauke, asubuhi nikakuta pini zimesimama wima zimebeba lebo zake na mbawa mbili tatu, sisimizi wamebeba kila kitu. Tangu hapo miguu ya meza inakaa kwenye makopo ya samaki yenye maji na oili kidogo. Kuna pia kajidudu ka kahawia kenye mabuu ya manyoya, kanaingia ndani ya boksi na kula taratibu, utaona unga unga chini ya mdudu, ukiona huo unga boksi lote kwenye friza wiki moja, usisubiri kesho. Ukungu nao, kwenye mvua za masika hewa ya Amani unaweza kuikamua, weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, au boksi la mbao lenye balbu ya kizamani ya wati 40 ndani ndio kabati la kukaushia la maskini, ila usiondoke nyumbani ukaliacha linawaka.

Kuwatambua usianze na jina la aina, utakata tamaa. Anza na makundi makubwa. Miguu sita na mwili wa sehemu tatu ni mdudu, buibui na kupe wana minane hao sio, jongoo na tandu nao sio. Mbawa mbili tu, ni jamii ya nzi na mbu. Mbawa za mbele ngumu kama magamba zinazokutana mstari mmoja mgongoni, mbawakawa. Mdomo wa kufyonza kama mrija uliokunjwa chini ya kifua, jamii ya kunguni. Sisimizi ana kiuno, mchwa hana, na mchwa kwa ukoo yuko karibu na mende kuliko sisimizi, hili likishakuingia umeanza kuona vizuri. Majimoto wale wanaoshona majani ya mwembe na hariri ya mabuu wao, ukiwaangalia nusu saa umejifunza kuliko kusoma wiki. Picha unaweza kuzipandisha iNaturalist, programu ya mtandaoni ya kutambua viumbe kwa picha, kuna wataalamu wanasaidia, ila ile programu ikikupa jina la mdudu wa Brazil usikubali kwa sababu tu imesema.

Halafu kuna kusoma wadudu bila kuua hata mmoja, nayo ni kuwafuga. Angalia majani machanga ya mlimao wako, ukiona kitu kama kinyesi cha ndege kimekaa juu ya jani, hudhurungi na cheupe, kiguse kwa ncha ya jani. Kikitoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa kichwani na harufu kali, hongera, huyo ni kiwavi wa Papilio demodocus, kipepeo wa milimao na michungwa. Mtie kwenye ndoo iliyofunikwa na neti, badilisha majani kila siku, toa vinyesi, atajivua ngozi mpaka awe kijani kibichi mnene, halafu siku moja atagoma kula, atatafuta kijiti, atajifunga kwa uzi mmoja kiunoni kama fundi wa nguzo za umeme na kuwa pupa. Andika tarehe ya kila hatua. Wiki mbili tatu anatoka. Au hatoki. Wangu wa nne hakutoka kipepeo, palitoboka tundu dogo kama la sindano wakatoka nyigu wadogo wadogo wengi sana, walikuwa wamemla kwa ndani. Nilisikitika kama nusu saa, halafu nikagundua nimeona kitu ambacho kwa neti nisingekiona maisha.

Watu wa vijiji vya Amani wameifanya kazi hii hii kuwa biashara, walifuga vipepeo na kuuza pupa kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya, mpaka 2016 serikali ilipofungia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi na pupa nao wakaingia humo. Kenya pale Gede wana mradi wa Kipepeo tangu 1993 pembeni ya Arabuko-Sokoke. Ukifika sehemu kama hizo tafuta mama au mzee mfugaji umwombe akuonyeshe mti gani unalisha kipepeo gani, wanajua kwa kichwa.

Ukishajua makundi, chagua njia moja fupi, mita 200 inatosha, upite kila wiki siku ileile saa ileile mwendo uleule na uhesabu kitu kimoja tu, vipepeo tu au kerengende tu. Baada ya mwaka utaona masika wanafanyaje na kiangazi wanafanyaje. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikianzisha 1970, wanashughulika na mbung'o na waharibifu wa mahindi na nyuki, vitu vya watu wa kawaida kabisa, na hata kwao msingi ni huohuo wa kuhesabu na kuandika. Makumbusho ya Taifa ya Kenya wana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na ukipeleka boksi lako kwa mtaalamu popote pale utamwona anainama, hamwangalii mdudu, anasoma lebo kwanza.

Namba 0001 kwenye daftari langu jipya, lile la baada ya jalala, ni dundu wa kawaida wa kahawia asiye na thamani yoyote, gamba la kulia nimelipasua kidogo kwa sababu mkono ulitetemeka. Lebo yake imeandikwa Muheza, ukuta wa choo cha nje, kwenye taa, 20:15. Mtaalamu mmoja alicheka akaniambia haya sasa, huyu tunaweza kumtumia.